Nilivyotafuta jua lililokuwa likipotea kwenye station yetu ya chai, Kericho

Wakuu, chamgei. Na nyinyi mnaosoma mkiwa mbali na majani ya chai, habari zenu pia.

Mimi huwa nasoma tu hapa, nacheka na comments zenu halafu naenda zangu. Lakini juzi kuna member aliuliza kwenye uzi mwingine, "Watu wa solar hujuaje jua litakalofika kwa paa yangu kabla hata sijanunua panel?" Watu wakamjibu kwa mzaha, wengine wakamwambia aulize wapiga ramli.

Mimi jibu nalijua. Nililijua miaka ya tisini, na nusura linipeleke nyumbani bila kazi. Nitasimulia vile ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga. Majina nimebadilisha na kampuni sitaitaja, kwa hivyo msije PM kuniuliza.

Nilikuwa nimemaliza form four, msichana wa Ndanai, nikapata kazi kwenye shamba kubwa la chai karibu na mji wa Kericho. Si kuchuma. Walitaka mtu wa kusoma vyombo vya hali ya hewa kila siku saa tatu asubuhi, bila Jumapili wala Krismasi. Waliniajiri kwa sababu ya mwandiko wangu. Hesabu yangu haikuwa ya kujivunia.

Station yenyewe ilikuwa kipande cha nyasi kilichozungushiwa waya, chai pande zote. Kulikuwa na kipima mvua na vitu vingine, lakini viwili ndivyo vinavyohusika hapa.

Cha kwanza ni mpira wa kioo kama wa mchezo wa watoto, lakini mzito, umekaa juu ya nguzo. Nyuma yake unaweka karatasi ngumu. Jua likipita kwenye mpira linachoma mstari kwenye karatasi. Wingu likija, mstari unakatika. Jioni ukiitoa ile karatasi unajua jua liliwaka saa ngapi na likajificha saa ngapi.

Cha pili tulikiita chupa ya jua. Ni bomba refu la kioo limechomekwa ardhini, kichwa kimebaki nje kikiangalia mbingu. Ndani ya kichwa kuna tufe jeusi lenye maji. Jua likilipasha, maji yanageuka mvuke na kudondoka chini kwenye sehemu yenye alama. Asubuhi unasoma yameshuka kiasi gani, unaandika, unapindua chupa maji yarudi juu, unairudisha. Jua kali, maji mengi. Kazi ya dakika mbili.

Ukiniuliza, hicho ndicho chombo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika. Hebu fikiria, unapima jua kwa maji.

Bosi wangu alikuwa Bwana Ouma, mtu mzima kutoka upande wa Kano kule ziwani, mrefu, sweta haivui hata jua likiwaka. Alifanya hesabu kwa penseli na calculator ndogo ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Siku ya kwanza aliposikia naitwa Chebet aliuliza maana yake. Nikamwambia ni msichana aliyezaliwa mchana. Akasema, "Basi hii kazi ni yako." Hakucheka.

Ukutani kwake kulikuwa na graph moja kubwa. Mstari umepanda, umeshuka, umepanda tena, nundu mbili kwa mwaka. Chini ya mstari kulikuwa na vidoti vingi vya penseli.

Nilimuuliza ule mstari ni wa nini.

"Hiyo ni jua ya siku haina wingu," akasema.

"Na hizi dots?"

"Hiyo ni jua ya ukweli. Ile unasoma kwa chupa. Dots hukaa chini sababu ya mawingu. Lakini siku ikiwa safi kabisa, dot inafaa iguse mstari."

"Na mstari ulipima na nini?"

"Sikupima. Nilihesabu."

Wakuu, hapo ndipo akili yangu iliposhikwa. Mtu anawezaje kuhesabu jua la tarehe fulani kabla halijawaka? Nilimsumbua yule mzee wiki nzima. Kila nikipeleka reading, nina swali.

Sasa wewe member wa panel, sikiliza hapa. Unaanza na jua jinsi lilivyo huko nje, kabla ya kugusa hewa yetu. Hilo linajulikana. Halafu unauliza, leo ni tarehe gani, na hapa ni wapi? Hapo unapata jua litapita juu kiasi gani na kwa saa ngapi. Sisi tuko karibu sana na ikweta, ndiyo sababu nundu ni mbili: mwezi wa tatu na wa tisa jua linapita juu ya kichwa. Halafu unaanza kuondoa. Hewa yenyewe inakula kidogo. Mvuke unakula. Vumbi linakula. Huku kwetu tuko juu sana, hewa iliyobaki juu yetu ni nyembamba, kwa hivyo tunapata jua kali kuliko watu wa ziwani, ingawa sisi ndio tunaovaa sweta. Kinachobaki ndicho kinachofika chini.

Ouma aliniambia pia kwamba mwezi wa kwanza dunia huwa karibu na jua kuliko miezi mingine. Nilibisha, nikamwambia basi mbona Julai kuna watu wa ng'ambo wanachomeka na Januari wanaganda. Akanichorea dunia inavyozunguka jua ikiwa imeinama. Nilimaliza siku mbili nikifikiria.

Mwaka wa kwanza mambo yalienda vizuri. Kericho siku safi kabisa ni chache, mnajua mvua yetu ya mchana na mawe yake. Lakini Januari na Februari tulipata kadhaa, karatasi imechomeka bila kukatika, na dot zikagusa mstari wa Ouma. Nilifurahi kama mimi ndiye niliyeleta jua.

Sasa tuingie kwenye shida.

Januari iliyofuata siku safi zilikuja tena. Dot hazikugusa. Mwaka wa tatu zikazidi kushuka. Si kidogo, hata mimi ningeweza kuona nikiwa mlangoni.

Ouma aliniita. Alikuwa ameweka karatasi za mpira wa kioo mezani, zimepangwa.

"Chebet, keti. Wewe husoma hii chupa saa ngapi?"

"Saa tatu, sir."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Ama wakati mwingine unasomea kwa jiko?"

Kwa wale hawajaelewa, aliniambia kwa adabu kwamba napika namba. Nakaa nyumbani na chai yangu, naandika chochote.

"Sisemi wewe ni mwongo," akaendelea. "Angalia hii karatasi. Imechomeka asubuhi mpaka jioni. Wingu hakuna. Na chupa yako inasema jua ilikuwa kidogo. Jua haiwezi potea hivyo. Ripoti inaenda kwa manager mwisho wa Februari. Kama sitajua imeenda wapi, nitaandika namba za hii station si za kuamini. Na nikiandika hivyo, unajua utaenda wapi."

"Nyumbani," nikasema.

"Nyumbani."

Niliumia, wakuu. Kazi kuisha ni kitu kimoja. Lakini kurudi Ndanai na jina la mtu wa kudanganya, na mama yangu ameshaambia kanisa zima kwamba binti yake ni mtu wa "weather", hiyo niliona siwezi. Nilikuwa nimesoma chupa ile nikiwa na malaria. Niliisoma asubuhi ya harusi ya dada yangu nikachelewa harusi.

Nilikuwa na wiki tano za kutafuta jua limeenda wapi.

Niliamua kufuata njia yake mwenyewe. Kama mstari ni jua lililobaki baada ya vitu kulila, basi kuna kitu kinakula na Ouma hajakihesabu.

Nikakumbuka moshi. Mwaka mpya nilikimbia nyumbani baada ya kusoma, nikarudi na gari la alfajiri kabla ya saa tatu, na ukisimama juu Ndanai ukiangalia kuelekea Siongiroi, huoni kitu. Kila mtu alikuwa anachoma shamba kujitayarisha kupanda mahindi. Jua linatoka jekundu kama kaa la moto. Na mwaka ule watu walikuwa wamefungua mashamba mengi kuliko kawaida.

Nilimwendea Ouma nikamwambia, "Sir, mstari wako hauna moshi."

Aliweka penseli chini. Nadhani hiyo ndiyo siku ya kwanza aliniangalia kama mtu anayefanya naye kazi.

"Endelea," akasema.

Nikamweleza. Kesho yake alitoka nje asubuhi, akasimama kwenye nyasi akiangalia upeo wote ulivyo wa kahawia. Akarudi ndani akaanza kuhesabu. Baada ya siku chache kulikuwa na mstari wa pili ukutani, chini ya ule wa kwanza. Mstari wenye moshi. Dot zangu zilikaa juu yake vizuri sana.

"Umejiokoa," akasema. "Nitatuma hii kwa station zote za kampuni, watumie mstari mpya."

Nilienda nyumbani siku hiyo nikitembea kama mama wa bwana harusi.

Ningeachia hapo, leo ningekuwa nawaambia hadithi nyingine ya jinsi nilivyo mwerevu.

Lakini mwisho wa Januari ilinyesha usiku, mvua kubwa isiyo ya msimu. Asubuhi hewa ilikuwa imeoshwa. Kutoka station ungeweza kuona mpaka kule chini uwandani kuelekea ziwani, kila mti uko mahali pake. Siku nzima hakuna wingu. Nilijiambia, leo moshi hakuna, kwa hivyo leo dot itapanda mpaka mstari wa kwanza. Nilingoja kesho yake saa tatu kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

Nikasoma. Chini. Na upungufu ulikuwa uleule wa siku za moshi, karibu sawa kabisa.

Nilisoma mara tatu. Moshi ulikuwa umeenda lakini jua lilikuwa bado linaliwa.

Sikumwambia mtu. Kama saa saba nikarudi station, saa ambayo sina kazi huko. Sijui nilitaka nini. Nilichuchumaa mbele ya chupa nikaiangalia tu.

Kioo kilikuwa na ukungu.

Nilidhani ni vumbi. Nikalowesha kidole kwa mate, nikapitisha. Pale kidole kilipopita kikawa safi, tufe jeusi likaonekana wazi. Kisha mate yakakauka na ukungu ukarudi. Nikafanya tena. Ukarudi tena. Nikapitisha ukucha, ukakwaruza kama unapitia kwenye tofali.

Hapa lazima niwaambie kitu kuhusu nyumbani kwetu.

Kwa mama yangu, chombo hakijaoshwa mpaka kisuguliwe na jivu. Sufuria, vikombe vya bati, hata kioo cha taa. Unalowesha kitambaa, unachovya kwenye jivu la jikoni, unasugua mpaka uone uso wako. Msichana akiacha sufuria na weusi, watu wanamuuliza mama yake kama alimlea ama alimpata njiani.

Station yetu ilikuwa upande ambao moshi wa bomba la kiwanda cha chai ulikuwa unashukia. Kichwa cha chupa kilikuwa kinashika masizi, na ndege nao hawana heshima. Mpira wa kioo ulikuja na kitambaa chake laini ndani ya sanduku. Chupa haikuja na kitambaa. Niliambiwa tu, "Hakikisha ni safi."

Basi niliihakikisha. Na jivu. Kila asubuhi, karibu miaka miwili.

Na sababu sikuona ukungu ni kwamba kila saa tatu nilikuwa naiosha kwanza, halafu nasoma. Kioo kikiwa na maji mikwaruzo haionekani. Nilikuwa nakiona kikiwa kimelowa tu. Nikishaondoka kinakauka, na jua linapata mlango umefungwa nusu.

Nilikaa pale kwenye nyasi. Jua halikupotea wala halikuliwa na moshi. Nilikuwa nalizuia mimi, kwa mkono wangu, kwa sababu nilikuwa msafi.

Nilienda kuangalia kitabu cha station, kwenye ile sehemu ya maoni ambayo hakuna mtu husoma. Nilirudi nyuma mpaka msimu wa mvua wa mwaka wangu wa kwanza. Nikaikuta, kwa mwandiko wangu mzuri: "Glass cleaned with ash. Very bright now."

Wakuu, ule ukurasa ungetoka kwa kuvutwa tu. Sitawadanganya kwamba sikufikiria. Ouma alikuwa ameridhika na moshi. Ripoti ilikuwa inaandikwa. Ningepata chupa mpya kwa kusema ya zamani imepasuka, na mambo yangeisha.

Kilichonizuia si wema, nisijisifu. Nilifikiria zile station zingine. Mstari wa moshi ungefika huko. Mtu mwingine kama mimi, kioo chake kizima, siku safi dot yake ingepita juu ya mstari. Angeitwa ofisini, aulizwe kama anasomea jikoni, na yeye angekuwa hana hata kitu cha kutafuta.

Nilichukua kitabu, nikang'oa chupa, nikaenda navyo ofisini.

Niliweka chupa mezani ikiwa kavu. Nikafungua ukurasa. Nikasema, "Sir, si moshi. Ni mimi."

Aliangalia chupa. Akalowesha kidole, akapitisha kama nilivyofanya. Akasoma ukurasa. Akaniambia nimwachie kitabu na niende nyumbani.

Siku tatu hakuniita. Chupa mpya ilitolewa store, nikaiweka, nikawa naiosha na maji tu. Usingizi ulikuwa mgumu. Nilianza hata kukunja nguo zangu.

Siku ya nne akaniita. Ukutani hakukuwa na mstari wa pili. Mezani kulikuwa na graph mpya.

Alikuwa amechukua siku zote safi tangu nianze kazi. Kila siku amegawanya reading yangu na mstari wake, kuona chupa iliona sehemu gani ya jua. Mwanzoni dot zote ziko juu, zimelala sawa. Zinafika ile tarehe ya jivu. Kutoka hapo zinaanza kushuka, polepole, moja baada ya nyingine, mteremko mmoja laini mpaka juzi.

"Unaona nini?" akauliza.

"Naona nilivyoharibu kioo."

"Mimi naona ingine," akasema. "Mtu wa kupika namba atapika leo juu, kesho chini. Hawezi pika hii. Hii hata mimi siwezi pika na calculator. Hii ni mtu amesoma kila siku, ameandika kile ameona, hata kama hajui ni kwa nini."

Niliivuta ile graph karibu nikaiangalia tena.

Na kuna zaidi. Kwa sababu mteremko ulikuwa laini hivyo, aliweza kujua kila siku kioo kilikuwa kimechoka kiasi gani, hata siku za mawingu, na kurudisha jua lililokosekana. Miaka miwili ya namba ilipona. Kama ningekuwa nimebahatisha hata wiki chache, isingewezekana.

Ripoti ilienda. Niliambiwa baadaye na karani wa manager kwamba manager aliuliza swali moja tu: nani alimfundisha huyu msichana kuosha kioo? Ouma akamjibu, "Hakuna mtu. Sisi ndio hatukumfundisha."

Sikurudi Ndanai. Nilifanya kazi pale miaka mingine mingi.

Asubuhi moja baada ya ripoti, Ouma alikuja station kabla ya saa tatu, na sweta yake, akasimama nje ya waya mpaka nikamaliza kuandika.

"Nilikuita mwongo," akasema.

"Hapana sir, ulisema si mwongo."

"Nilisema unasomea kwa jiko. Ni hiyo hiyo. Nisamehe."

Mtu mzima wa umri wa baba yangu, wakuu, ananiomba msamaha katikati ya chai, wachumaji wanatuangalia. Nililia, na sioni haya kuandika hivyo.

Nilichojifunza ni hiki. Hesabu ikikataa kukubaliana na unachokiona, usikimbilie kusema hesabu ni mbaya wala mtu ni mwongo. Kuna kitu kimekaa katikati. Kitafute, na uanze kutafuta karibu na mkono wako mwenyewe. Halafu ukiandika, andika ulichoona hata kama kinakuaibisha, kwa sababu siku moja utahitaji mtu aangalie maandishi yako na akuamini.

Wataalamu wa mambo haya mko humu, nirekebisheni pale nimekosea ufundi. Na kama kuna mwingine aliwahi kuharibu kitu kwa kukitunza sana, mkuu, jitokeze tujue hatuko peke yetu. Mimi naenda kukama, nitasoma comments nikirudi.